Mzee Onodera Ashindwa Ihembe

Mimi sina subira na watu wanaojibu swali kwa tabasamu, na Mzee Onodera alikuwa hivyo tangu siku aliyoingia gesti yangu hapa Omurushaka. Ukimuuliza chai au kahawa, anatabasamu. Ukimuuliza atakaa mpaka lini, anatabasamu na kuinamisha kichwa, mpaka unajikuta na wewe umeinamisha chako na swali lenyewe limekutoka. Alikuwa Mjapani mwembamba, mvi tupu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na alikuwa na begi dogo ambalo hakukubali mtu amsaidie kulibeba. Nilidhani ni mtaalamu wa mradi wa maji.

Hakuwa mtu wa maji. Alikuwa mtu wa kucheza. Asubuhi moja alilifungua lile begi kwenye meza ya chai, akatoa ubao wa miraba na vipande vya mbao vyenye ncha, vimeandikwa maandishi ya kwao. Akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba mchezo ule unaitwa shogi, na ndio uliomlisha maisha yake yote. Nilimwomba arudie, maana nilidhani sikusikia sawa. Kwetu mtu anayeshinda kutwa akicheza ana jina lake, na si jina zuri.

Basi akanisimulia kazi yake, kidogo leo na kidogo kesho, nami nikisikiliza huku nachambua mchele, kwa sababu sikuwa na uhakika kama ni kweli au ananipima akili. Alipokuwa mtoto wazazi wake walimpeleka kuishi kwa mwalimu wa mchezo huo. Akafagia, akafua, akabeba mizigo. Mwalimu alicheza naye siku ya kumpokea, na angecheza naye tena siku ya kuagana. Hapo katikati mtoto hujifunza kwa kutazama. Kuna umri ukikufika hujafuzu, unarudishwa kwenu. Wengi wa rika lake walirudishwa, na mmoja wao anauza matairi mpaka leo. Yeye alifuzu, akawa analipwa kukaa kwenye mkeka na kuwaza.

"Uliwahi kushinda kitu?" nilimuuliza.

Aliwahi kuwa bingwa wa nchi nzima. Mwaka uliofuata taji lilichukuliwa na kijana ambaye bado alikuwa na chunusi usoni, na kuanzia hapo Mzee Onodera akawa anashushwa daraja moja baada ya jingine, taratibu, miaka kwa miaka. Alilisema hilo bila uchungu. Lakini nilipomuuliza kwa nini mwishowe aliacha kabisa, akatabasamu, nami nikarudi kwenye mchele wangu.

Kilichomleta Karagwe ni igisoro, lile bao la mashimo ambalo sisi tuliotokea Rwanda na Burundi tumelicheza huku tangu enzi za babu zetu. Alitaka kulicheza na mtu anayelijua hasa. Aliyemfundisha kanuni ni Byarugaba, mnunuzi wa kahawa ambaye hupita kwangu kila anapotoka Nkwenda, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Kanuni zenyewe si ngumu. Unachota kete za shimo moja, unazipanda mojamoja kwenye mashimo yanayofuata bila kuruka hata moja. Ya mwisho ikiangukia penye kete, unachota na kuendelea. Ikiangukia patupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Haukupita muda Mzee Onodera akawa anamfunga Byarugaba kila mchezo. Byarugaba, badala ya kuona haya, akawa anatembea Omurushaka yote akijisifu kwamba anafungwa na bingwa wa Japani.

"Waitu, dada Nikuze," akaniambia siku moja kwa ile heshima ya Kinyambo, "mimi profesa kanimaliza. Sasa anamhitaji mzee wako. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili.

Baba yangu, Theoneste, anaishi Ihembe, katikati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Kwa igisoro hakuwa na mpinzani. Watu walivuka kutoka Kyerwa kuja kufungwa naye. Lakini alikuwa ameanza kupotea. Sijui niseme vipi vingine. Alikuwa akienda kumkatia majani ng'ombe ambaye tulishamuuza. Alikuwa akianika kahawa, halafu anauliza kwa hasira nani ameianika bila ruhusa yake. Na kwenye igisoro, mahali ambapo hesabu ilikuwa damu yake, mkono ukaanza kuruka mashimo.

Igisoro ni mchezo wa kelele. Watazamaji huhesabu kwa sauti, na ukiruka shimo utaambiwa "umeruka" kutoka kila upande kabla kete haijatua, hata ukiwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini baba alipoanza kuruka, wa kwanza kuona alinyamaza kwa heshima. Wa pili akanyamaza kwa kuwa wa kwanza amenyamaza. Nani angemwambia Theoneste, mbele ya watu, kwamba hajui tena kuhesabu? Ihembe nzima ikafunika kombe mwanaharamu apite. Baba akacheza, akaruka, akashinda, akapongezwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopongeza. Nilijiambia kwamba siku watakayomwambia ndiyo siku atakayokuwa mgonjwa. Mpaka siku hiyo ni mzee tu, na mzee anayeshinda. Hicho ndicho nilichokilinda, na nilikilinda kwa meno.

"Sasa unamleta mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu," nilimwambia Byarugaba. "Baba akiruka mbele yake?"

"Tutanyamaza, kama siku zote. Profesa naye ni mtu wa adabu."

"Mficha maradhi, Byarugaba."

"Kifo humuumbua, najua. Lakini utamnyima mzee mgeni kama huyu? Tangu lini amepata mgeni wa maana?"

Ningeweza kumwonya Mzee Onodera mapema, na zaidi ya mara moja nilifungua mdomo nikaishia kumuuliza kama aongezewe chai. Niliona kwamba nikilisema jambo lile kwa mgeni, litakuwa kweli.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa, kwa pikapu ya Byarugaba. Baba alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu. Mzee Onodera alikuwa amefundishwa shikamoo na aliitoa kwa kila mtu, hata kwa mjukuu wa jirani aliyekuwa mgongoni. Baba akaitika marahaba, halafu akaniinamia sikioni.

"Huyu si mkubwa kwangu?"

"Sijui, baba."

"Mimi nimezaliwa lini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kijiji kingine.

Tulikula matoke na maharage, na senene, maana ulikuwa msimu wake. Mgeni alikula senene bila kushawishiwa. Alisema kwao milimani nao hula panzi, kwa sukari na mchuzi wa soya. Byarugaba akatangaza kwamba huyu sasa ni Mnyambo, mwenyeji kamili wa Karagwe. Baada ya hapo bao likawekwa uani, juu ya mkeka, wanaume wakalizunguka na vikombe vyao vya rubisi, pombe ya ndizi, nami nikakaa pembeni ili nitafsiri. Mzee Onodera akapiga magoti, akaketi juu ya visigino vyake, mgongo umenyooka. Mzee yeyote wa kwetu angelia kwa maumivu.

Mwanzoni baba alicheza vizuri mno hata nikaanza kuona aibu kwa wasiwasi wangu. Kete zilimtoka vidoleni kwa mlio ule ninaoujua tangu utotoni. Wanaume walihesabu kwa sauti, walicheka, walimtania mgeni kwa lugha asiyoielewa. Mzee Onodera alikuwa akifikiri sana kabla ya kila mkono, na polepole, bila papara, akaanza kula kete za baba. Upande wake ukajaa. Hata mimi ambaye si mchezaji niliona baba anaelemewa.

Kisha baba akachota, akapanda, akaruka shimo.

Lilikuwa wazi. Kete ya mwisho, ambayo ilipaswa kulala patupu, ikaangukia penye kete. Baba akachota tena, akaendelea, akala kete za mgeni rundo zima. Kelele zote zikakatika. Mmoja akatazama kahawa iliyoanikwa kwenye turubai, mwingine akachungulia kikombe chake. Kwao Mzee Onodera mchezo huchezwa kimyakimya, kwa hiyo kimya chenyewe hakikumshtua. Alichofanya ni kuinua kichwa, akalitazama lile shimo lililorukwa, halafu akatuangalia sisi usoni mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwa wa mwisho. Nikatazama mkeka.

Akacheza mkono wake. Baba naye akacheza, akaruka tena.

Hapo Mzee Onodera akaweka viganja vyake juu ya mkeka, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa bao, akasema maneno ya kwao, kisha kwa Kiingereza akasema ameshindwa.

Sikuelewa. Nilimtafsiria baba hivyohivyo, ameshindwa, na nilipokuwa nasema nilikuwa nalitazama bao, na bao lilikuwa linasema jambo jingine. Hata baada ya ulaji ule wa baba, mgeni alikuwa bado na kete nyingi zaidi. Igisoro haliachwi hivyo. Unacheza mpaka mwenzako hana tena cha kuchota. Byarugaba alirusha kofia juu, akashangilia kwamba Ihembe imeipiga Japani, na wanaume wakamshika baba mikono. Lakini baba hakucheka. Alikuwa anageuza macho kutoka kwenye bao kwenda kwa mgeni, na kurudi.

"Mbona haujaisha?" aliuliza. Wanaume walikuwa tayari wanaelekea nyuma ya jiko kwenye mtungi.

Tulibaki watatu. Hasira ilinipanda, nikadhani nimeelewa. Huyu naye ametuhurumia. Amekaa kwetu mchana mmoja tu na tayari ameiga uongo wetu, tena kuuzidi.

Mzee Onodera akaniambia kwamba kwao, mchezo ukiisha, mshindi na mshindwa hukaa tena, wakarudia mikono yote mmoja baada ya mwingine, ili kila mmoja aone alipokosea. Aliomba wafanye hivyo na baba.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Anashukuru kwa chakula," nikasema. Na kwa Kiingereza nikamjibu mgeni kwamba mzee amechoka. Halafu sikuweza kujizuia. "Kwa nini umemwachia baba yangu? Nani alikuomba?"

Tabasamu lake likatoweka, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu aliyekuwa nyuma yake. Alikuwa ameogopa.

"Nikuze-san, kwetu neno nimeshindwa halisemwi kwa uongo," alisema. "Uliniuliza kwa nini niliacha kazi. Katika mchezo wangu wa mwisho niliweka kipande mahali ambapo sheria inakataza. Ni kosa ambalo mtoto wa shule halifanyi, na ukilifanya umeshindwa papo hapo. Sikuuona mkono wangu ukikiweka. Niliuona tu uso wa mwenzangu. Daktari alisema ni uchovu, lakini sikumwamini. Nikasema nitafute mchezo mwingine, mbali, nijue kama tatizo ni mchezo au ni kichwa changu." Akalionyesha bao. "Leo nimeona kete ikiruka shimo. Nimeiona waziwazi. Nikawatazama ninyi nyote, watu mnaoujua mchezo huu tangu utoto, na hakuna hata mmoja aliyeona. Kisha nikaiona tena. Basi anayeona yasiyokuwepo ni mimi. Mtu ambaye haoni tena ubao hana haki ya kuendelea kucheza."

Alipomaliza akaanza kukusanya kete ili azirudishe.

Tulinyamaza kwa heshima, na heshima yetu ilikuwa imemvunja mtu mwingine. Nikinyamaza tena, huyu mzee atapanda ndege na ugonjwa ambao si wake, atakwenda kuuishi peke yake huko kwao. Nikisema, nitamvua baba nguo uani kwake mwenyewe. Nilimchukia Byarugaba, nikamchukia Mjapani, nikalichukia na lile bao. Lakini Kiingereza baba hakijui, nikajiambia, na huo ndio mlango pekee ulioachwa wazi.

"Hukukosea," nikamwambia. "Baba ameruka kweli, mara zote mbili. Sote tumeona."

Aliacha kukusanya kete. "Sote?"

"Sote. Ni muda sasa. Kichwa chake kinapotea, nasi tunanyamaza."

"Na yeye anajua?"

"Hajui."

Mzee Onodera akafumba macho, akapumua kwa nguvu. Sijui kama ilikuwa nafuu au huzuni, na nadhani hata yeye hakujua.

"Nikuze," baba akasema. "Mnanizungumza mimi."

"Hapana, baba."

"Umenitazama kila uliposema neno. Mwambie anisubiri, halafu wewe unijibu. Nimeruka?"

Nilimtafuta kwa macho Byarugaba, ambaye siku zote ana la kusema. Kicheko chake kilikuwa kinatoka nyuma ya jiko.

"Umeruka, baba," nikasema.

"Na Jumapili iliyopita?"

"Uliruka."

Nilingoja hasira, au machozi, au asahau tulichokuwa tunaongea. Badala yake alikaa akisugua goti lake taratibu.

"Mimi hesabu zikinichanganya, huwa natazama nyuso zenu," alisema. "Zamani nilipokosea mlipiga kelele, nikajua, nikarudi nyuma. Sasa mmeacha. Nikawa najiambia, kumbe sijakosea, watu wananyamaza kwa sababu niko sawa. Halafu nashinda, na moyoni najua kwamba sikushinda, na sijui nimeshindaje. Mwana wanjye, hivi ndivyo ninavyolala na hivi ndivyo ninavyoamka. Nilidhani ndio uwendawazimu wenyewe."

Nililia. Nilikuwa nimemlinda kwa meno, na kumbe nilichofanya ni kuzima taa na kumwacha apapase peke yake chumbani. Alinishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo, akaniuliza kama nitamtafsiria mgeni maneno yale. Nikamtafsiria yote, sikuacha neno. Mzee Onodera alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwinamia baba kichwa, kidogo tu, wala hakutabasamu.

"Mwambie tucheze upya," alisema.

Wanaume waliporudi walikuta kete zimepangwa. Byarugaba akauliza kama bingwa anataka kumwongezea profesa kipigo. Baba akamwambia akae chini.

"Nikiruka, mseme," akawaambia wote. "Kwa sauti. Asiyeweza aende nyumbani."

Wakatazamana. Mmoja akakohoa. Hakuna aliyeondoka, lakini hakuna aliyeitika pia, na mchezo ukaanza katikati ya kimya kizito kuliko kile cha kwanza. Baba alicheza vizuri, akacheza vizuri tena. Kisha akachota kete za pembeni, akazipanda, na mkono wake ukapita juu ya shimo moja bila kuacha kitu.

Byarugaba alikuwa amefungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Mzee Onodera aliinua macho, akanitazama mimi.

"Baba, umeruka," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Baba akasimamisha mkono hewani. "Wapi?"

"Nyuma kidogo. Hapo."

Akarudisha kete kwenye shimo lake, akapanda zilizobaki, na ya mwisho ikalala patupu. Alilitazama lile shimo kwa makini, kisha akamwashiria mgeni kwamba zamu ni yake. Mzee Onodera akautazama mkono wake mwenyewe kidogo, halafu akachota kete.